Maarifa Yaliyofungwa Kisandukuni: Ndege za Nyuzi na Msako wa Michoro Yake

Wanahistoria wengi hufuata nyayo za wenye mamlaka: mikataba, katiba, vita na hotuba. Nyaraka za mambo hayo zina makabati yake, wahifadhi wake na bajeti yake. Lakini yako maarifa mengine ambayo jamii huyazalisha kwa wingi, huyauza kwa bei ndogo, huyatumia kwa furaha, kisha huyaacha yapotee bila mtu hata mmoja kuandika tanzia. Katika makala haya ninakusudia kuitazama historia moja ya namna hiyo, ambayo kwa mtazamo wa haraka itaonekana ya kitoto: historia ya ndege ndogo za mfano zinazorushwa kwa nyuzi, na ya watu ambao leo wanasaka michoro na seti za vipande vyake miongo kadhaa baada ya viwanda vilivyozitengeneza kufungwa. Hoja yangu ni hii: namna maarifa ya ufundi yanavyofungashwa siku yanapouzwa ndiyo huamua kama yatakuwepo siku muuzaji atakapotoweka.

Kwanza tukielewe chombo chenyewe. Ndege ya nyuzi ni ndege ya mfano yenye injini halisi, ambayo haipai huru angani bali huzunguka duara kumzunguka mrushaji aliyesimama katikati. Mrushaji hushika kishikio mkononi, na kutoka kwenye kishikio hicho nyuzi mbili hunyooka hadi kwenye ndege. Ndani ya ndege, au ubavuni mwake, nyuzi hizo hufungwa kwenye kipande cha bati au plastiki chenye umbo la pembetatu, kinachocheza juu ya pini. Mrushaji akiinamisha au kuinua kishikio, uzi mmoja huvutwa na mwingine hulegea. Pembetatu huzunguka kidogo, nayo husukuma waya unaofika mkiani na kuinua au kushusha ubao wa mkia. Ndege hupanda au kushuka. Hakuna redio wala betri ndani ya ndege. Ni nyuzi, kipande cha pembetatu na mkono wa binadamu. Kwa ndege ndogo kabisa nyuzi huwa na urefu wa takriban mita 10, hivyo uwanja wa shule ulitosha kuwa uwanja wa ndege.

Nani aliyebuni jambo hili? Hapa historia inaingia mahakamani. Mwaka 1936, katika jimbo la Oregon, Marekani, Oba St. Clair alirusha ndege aliyoiita Miss Shirley, iliyoongozwa kwa nyuzi kadhaa kutoka ardhini. Huko Schulenburg, Texas, Victor Stanzel naye alibuni njia yake mwenyewe ya kuongoza ndege iliyofungwa kwa uzi, na ndege yake ya Tiger Shark iliuzwa mwaka 1940 ikiwa seti ya vipande vya kuunganisha. Mwaka huo huo, Nevilles Walker wa Portland, Oregon, aliyejulikana zaidi kwa jina la Jim, aliingiza sokoni ndege yake iitwayo Fireball kupitia kampuni yake ya American Junior. Mfumo wake wa nyuzi mbili na kipande cha pembetatu aliupa jina la kibiashara la U-Control, na mwaka 1942 akapata hataza.

Walker alikuwa mfanyabiashara, lakini pia alikuwa msanii wa kuvuta umati. Alikuwa akisimama mbele ya watazamaji na kurusha ndege tatu kwa wakati mmoja, mbili akiziongoza kwa mikono na ya tatu kwa kichwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bila juhudi zake za kuutangaza, mchezo huu pengine ungebaki kuwa jambo la mafundi wachache wa Oregon. Hata hivyo, hataza ina ulimi wake. Kila kampuni iliyotaka kuuza ndege ya nyuzi mbili ilijikuta ikitazamana na madai ya malipo. Hatimaye Walker akamshtaki mtengenezaji mkubwa wa injini na ndege ndogo, Leroy Cox wa California. Kesi ilipoamuliwa mwaka 1955, Walker alishindwa. Upande wa Cox ulikuwa umeleta ushahidi kwamba ndege ya nyuzi ilikuwepo kabla ya hataza, na St. Clair mwenyewe alifika mahakamani. Wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba mfumo wa St. Clair haukuwa sawa na ule wa Walker, kwa kuwa ulitumia nyuzi nyingi na ulifanya kazi kwa namna nyingine. Ubishi huo una uzito wake, lakini kwa mwanahistoria somo kuu liko kwingineko. Hukumu iligeuzwa na kazi ya fundi ambaye hakuwa na kampuni wala hataza. Alichokuwa nacho ni kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, na kumbukumbu ya kazi hiyo iliyoweza kusimama mbele ya hakimu.

Kati ya vita na kesi hiyo, mchezo ulikuwa umelipuka. Mwaka 1947 Ray Arden aliingiza sokoni plagi ya mwako, ambayo baada ya kuwashwa kwa betri hubaki nyekundu kwa joto la injini yenyewe. Uzito wa koili na betri ukaondoka ndani ya ndege, na injini zikaanza kupungua ukubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Cox alikuwa akitengeneza kwa wingi injini za inchi za ujazo 0.049, yaani takriban sentimita za ujazo 0.8, ambazo zingeweza kukaa katika kiganja cha mtoto. Zilitumia mchanganyiko wa methanoli, mafuta ya nyonyo na nitromethani. Kundi hili la ndege ndogo Wamarekani waliliita nusu-A, na ndilo lililowafikia vijana wengi wenye fedha kidogo.

Kando ya injini hizo kulichipua viwanda vya seti. Philadelphia kulikuwa na Sterling. Newark, jimbo la New Jersey, kulikuwa na Scientific. Brooklyn kulikuwa na Berkeley. Chicago kulikuwa na Comet, Top Flite na baadaye Carl Goldberg. Uingereza ilikuwa na KeilKraft, Veron na Mercury, pamoja na injini ndogo za dizeli za aina ya Mills na E.D. Ndege moja inatosha kuwa mfano wa zama hizo. Mwaka 1950 Sterling walitoa Ringmaster, iliyobuniwa na Matthew Kania. Ilikuwa na mwili wa ubao mmoja bapa na bawa lililoundwa kwa mbavu nyepesi, na iliuzwa kwa wingi kiasi kwamba ilizaa ukoo mzima, ikiwemo Baby Ringmaster ya injini ndogo.

Ndani ya kisanduku cha seti mlikuwa na nini? Mlikuwa na mbao za balsa zilizokwisha kupigwa chapa ya visu ili vipande vitoke kwa kusukumwa na kidole; waya, magurudumu, karatasi ya kufunikia bawa; na mchoro uliokunjwa. Kijana alitandaza mchoro mezani, akaufunika kwa karatasi ya nta ili gundi isishike, akapanga vipande juu yake na kuvibana kwa pini. Kwa siku chache alikuwa amejifunza kusoma mchoro wa kihandisi, kupima, kusawazisha uzito, na kuvumilia. Hakuna aliyemwambia kwamba yuko darasani. Ndiyo maana nasema biashara hii ilikuwa pia mfumo wa elimu, japo hakuna wizara iliyoupitisha.

Kisha visanduku vikaanza kutoweka madukani. Sababu hazikuwa za ajabu. Redio za kuongozea ndege, ambazo zamani zilikuwa nzito na ghali, zilipata transista na kushuka bei. Kuanzia miaka ya 1970 kijana aliyekuwa na uwezo alitaka ndege isiyofungwa kwa kamba. Miji ilikua, na majirani wakachoshwa na kelele za injini zinazozunguka duara moja alasiri nzima. Waanzilishi wa viwanda walizeeka. Kampuni zikauzwa, zikaunganishwa, zikauzwa tena. Kampuni ya Cox yenyewe ilipita mikono kadhaa hadi ikamilikiwa na Estes, watengenezaji wa roketi za mfano, katika miaka ya 1990. Majarida yaliyouza michoro nayo yalifuata njia hiyo hiyo: mwaka 2014 kampuni ya Carstens, iliyochapisha jarida la Flying Models, ilifunga milango.

Hapo ndipo linapoanza suala ninalotaka tulitafakari. Mtu anayetaka leo kuunda upya ndege ndogo ya nyuzi iliyouzwa mwaka 1955 anatafuta nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba anatafuta mchoro. Lakini anayeupata mchoro mara nyingi hugundua kwamba ameipata nusu tu ya ndege. Mchoro wa kiwandani ulichorwa kwa ajili ya mnunuzi ambaye vipande vya mbao tayari viko mkononi mwake. Unamwonyesha kila kipande kinakaa wapi. Haukuwa na haja ya kumwonyesha umbo kamili la kila kipande. Ubavu wa bawa huonekana kwa upande, kama mstari mmoja tu. Pembe ya kipande kinachoshika injini haionekani kabisa. Maumbo hayo yalikuwa ndani ya mbao, na mbao ziligeuka kuwa ndege, na ndege ikaanguka, ikavunjika na kutupwa.

Kwa hiyo kiwanda kiliyagawa maarifa mafungu mawili: fungu la karatasi na fungu la ubao. La kwanza liliweza kubaki katika droo miaka 50. La pili lilikusudiwa kuliwa na matumizi. Sidhani kwamba palikuwa na njama yoyote. Ilikuwa tu njia rahisi ya kuuza. Lakini matokeo yake ni kwamba katika seti nyingi, kinachoweza kuirejesha ndege kamili ni kitendo kidogo ambacho mnunuzi hakulazimika kukifanya: kabla ya kusukuma vipande vitoke, aliweka karatasi juu ya ubao na kunakili maumbo yote kwa penseli. Mzee aliyefanya hivyo akiwa kijana, na ambaye familia yake haikuitupa karatasi hiyo, ndiye hazina ya taifa katika ulimwengu huu mdogo.

Tulinganishe na aina ya pili ya bidhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Cox alikuwa akiuza ndege za plastiki zilizo tayari kurushwa, maarufu kuliko zote ikiwa PT-19 ya wanaojifunza, ambayo sehemu zake zilishikwa kwa mipira ili ikianguka ichanguke badala ya kuvunjika. Ilikuwa bidhaa ya werevu mkubwa, na ilimwondolea mtoto wiki za kazi. Lakini hakuna mchoro utakaoirejesha mezani kwako, kwa sababu haikuzaliwa mezani; ilizaliwa katika kalibu la chuma kiwandani. Kalibu likipotea, ndege imepotea. Mnunuzi wa seti ya balsa aliondoka dukani akiwa na nusu ya maarifa. Mnunuzi wa plastiki aliondoka na kitu kizuri kisicho na maarifa yoyote ndani yake. Kadiri bidhaa ilivyomrahisishia mnunuzi kazi, ndivyo ilivyozidi kumfunga kwa uhai wa kampuni.

Namna ya tatu ya kusambaza ilikuwa tofauti kabisa: mchoro uliochapishwa katika jarida. Aeromodeller la Uingereza, lililoanza mwaka 1935, na Model Airplane News la Marekani, lililoanza mwaka 1929, yalichapisha michoro kwa watu ambao hawakuwa na kisanduku chochote. Mchoraji wa jarida alijua kwamba msomaji wake ana ubao mtupu, kisu na subira, basi akalazimika kuonyesha kila ubavu, kila pembe na kila unene. Katika Umoja wa Kisovyeti, ambako mchezo huu uliendeshwa kupitia vilabu vya vijana na chama cha DOSAAF, jarida la Modelist-Konstruktor lilifanya kazi hiyo hiyo. Wapenzi wa nadharia watataka kuona hapa ushindani wa ubepari na ujamaa. Mimi naona jambo jingine. London, New York na Moscow, mchoro uliochapishwa kwa ajili ya asiye na kitu ndio uliobaki mzima. Mfumo wa uchumi ulikuwa na nguvu kidogo hapa kuliko swali moja rahisi ambalo mchoraji alijiuliza: je, msomaji wangu atakuwa na nini mkononi?

Sasa tuwatazame wasakaji wenyewe, maana mbinu zao zingeweza kufundishwa katika kozi yoyote ya utafiti wa nyaraka. Hatua ya kwanza ni kulithibitisha jina. Kumbukumbu ya mtu humwambia kwamba ndege yake ilikuwa nyekundu na ilikuwa na bawa moja, hiyo haitoshi. Msakaji hufungua matangazo ya biashara katika majarida ya zamani, kwa sababu tangazo lina jina, namba ya katalogi, urefu wa bawa, bei na mwezi. Tangazo ambalo mhariri alilihesabu kuwa takataka ya kulipia karatasi limegeuka kuwa chanzo cha kwanza cha historia. Wahifadhi wa maktaba ambao zamani walikata kurasa za matangazo kabla ya kujalidi majarida walifuta ushahidi wakidhani wanasafisha.

Hatua ya pili ni kuufuatilia mchoro kwa ukoo wake. Ndege iliyouzwa kama seti huenda ilitangulia kuchapishwa kama makala, au mbunifu wake alitoa toleo kubwa na dogo la umbo lile lile. Kampuni ikinunuliwa, namba za katalogi hubadilika lakini mchoro hubaki. Kwa hiyo msakaji mzuri hujua historia ya makampuni kama mwanasheria wa mirathi anavyojua koo za marehemu.

Hatua ya tatu ni kuupima mchoro uliopatikana. Karatasi hupanuka na kusinyaa kwa unyevu. Mashine ya kunakili huvuta karatasi upande mmoja zaidi ya mwingine. Mchoro wa jarida ulipunguzwa ili uenee ukurasani, na mara nyingi mkunjo wa katikati umekata bawa. Tuseme bawa lilikuwa na urefu wa inchi 24 na kwenye ukurasa lina inchi 6: itabidi mchoro ukuzwe mara 4. Lakini mstari nao hukua mara 4; mstari wa nusu milimita huwa milimita 2, na fundi hana budi kuamua akate ndani ya mstari, nje yake, au katikati. Akikata nje kwa mbavu zote, bawa litakuwa nene kuliko alivyokusudia mbunifu. Kosa dogo la mwanzo huongezeka pamoja na picha. Wanafunzi wangu wa historia, naomba mlitafakari hilo mnapokuza ushahidi mdogo kuwa hoja kubwa.

Hatua ya nne ni ubao. Mchoro husema "balsa ya unene huu" bila kusema uzito. Balsa ni mti unaokua haraka, na sehemu kubwa ya balsa ya dunia hutoka Ecuador. Kipande kimoja kinaweza kuwa na uzito wa kilo 100 kwa mita ya ujazo na jirani yake kikazidi kilo 200, ingawa kwa macho vinafanana. Ndege ndogo iliyoundwa kwa ubao mzito haitainuka, hata kama kila mstari umefuatwa kwa uaminifu. Tena ubao huu una siasa zake: mwaka 2020 mahitaji ya watengenezaji wa mapanga ya mitambo ya upepo, hasa nchini China, yalipandisha bei ya balsa, na wakataji wakaingia hadi katika misitu ya wenyeji wa Amazoni ya Ecuador. Mstaafu anayejenga kichezeo cha utotoni mwake anagusa, bila kujua, mgogoro wa ardhi wa watu walio mbali.

Baada ya ufundi huja sheria, na hapa watumishi wa umma wanisikilize kwa makini. Mchoro ni kazi yenye hakimiliki. Kampuni ikifa, haki yake haifi nayo. Humwangukia mrithi, mdai au mnunuzi, hata kama mwenyewe hajui kwamba anaimiliki. Marekani, kwa bahati, ilikuwa na kanuni ya zamani: kazi iliyochapishwa kabla ya mwaka 1964 ilipaswa kufanyiwa upya usajili wake baada ya miaka 28, na isipofanyiwa hivyo iliingia katika mali ya umma. Kampuni ya vichezeo iliyokwisha kufungwa haikuwa na mtu wa kujaza fomu hiyo. Kwa hiyo mchoro wa miaka ya 1950 ambao usajili wake haukufanywa upya ni wa kila mtu, kwa sheria. Kazi zilizochapishwa kuanzia mwaka 1964 zilikuja kuongezewa muda bila mwenyewe kuomba, na Uingereza huhesabu uhai wa mtunzi na miaka 70 baada yake. Matokeo yake ni kwamba mchoro wa zamani zaidi unaweza kuwa huru, na mchoro mpya zaidi, ambao hakuna anayeuuza wala kuudai, ukabaki umefungwa. Wanasheria huziita kazi kama hizo mayatima, na Uingereza iliweka utaratibu wa kuzitolea leseni mwaka 2014. Jina hilo ni sahihi: ni kazi zilizoachwa na wazazi, lakini haziruhusiwi kulelewa na jirani.

Licha ya hayo, majirani wamelea. Chama cha Academy of Model Aeronautics, kilichoanzishwa mwaka 1936 na chenye makao yake Muncie, Indiana, kina makumbusho na hazina ya michoro. Huko Uingereza, watu wa kujitolea walianzisha mwaka 2011 hifadhi ya mtandaoni iitwayo Outerzone, ambayo leo hutoa bure zaidi ya michoro 10,000 ya ndege za mfano za zamani. Brodak wa Carmichaels, Pennsylvania, wametengeneza upya seti za ndege za nyuzi kwa ajili ya soko dogo lililobaki. Mashine za kukata kwa leza zimemwezesha fundi mmoja mwenye mchoro uliopimwa vyema kutoa mbavu safi kuliko zile za chapa ya visu ya miaka ya 1950. Mwezi Oktoba wapenzi wa Ringmaster katika nchi mbalimbali huzirusha ndege hizo katika siku walizokubaliana, kila mmoja kwake, ili kuhesabu ni ngapi bado zinapaa.

Lakini upo mvutano ambao haujatatuliwa, na sitaki kuupamba. Kisanduku cha mwaka 1955 ambacho hakijafunguliwa ndicho ushahidi bora kuliko wote: ubao una vipande vyote, mchoro haujachanika, maandishi ya jalada yangali na rangi. Katika soko la wakusanyaji, thamani yake inatokana na hiyo hali ya kutofunguliwa. Akikifungua na kunakili vipande, mkusanyaji anapunguza mali yake mwenyewe. Asipokifungua, maumbo yale yanaendelea kuwa siri iliyohifadhiwa vizuri. Na gundi, unyevu na wadudu hawamsubiri aamue. Kuhifadhi kitu na kuhifadhi maarifa yaliyomo si jambo moja. Wakati mwingine la kwanza hufanyika kwa gharama ya la pili. Yapo makabati mengi ya serikali na vyuo, si ya vichezeo tu, ambayo yanatunza vitu kwa namna hiyo: vimefungwa, vimeorodheshwa, vinalindwa, na hakuna anayejifunza kutoka kwavyo.

Msomaji mwanaharakati ataniuliza: kwa nini tuhangaike na ndege za kuchezea wakati kuna madhila makubwa? Namjibu kwa mfano wa kawaida. Pampu ya maji ya kijiji inapoharibika na kampuni iliyoiunda imekwisha kufilisika, fundi anahitaji jambo lile lile analohitaji msakaji wa Baby Ringmaster: mchoro unaoonyesha kila kipande, vipimo vinavyoaminika, ruhusa ya kisheria ya kutengeneza kipande hicho, na mtu aliyekuwa na busara ya kunakili kabla kitu hakijatumika. Tofauti ni kwamba mmoja atakosa burudani na mwingine atakosa maji. Anayeandika mkataba wa ununuzi wa mitambo kwa niaba ya umma, na asidai michoro kamili pamoja na haki ya kuizalisha, ananunua ile PT-19 ya plastiki: itafanya kazi vizuri hadi siku aliyeiunda atakapoondoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia hii inatuongezea neno juu ya daftari lenyewe: haitoshi liwepo, ni lazima liwe limeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na kisanduku. Wale wachoraji wa majarida, waliokuwa wakilipwa kwa ukurasa na ambao wengi wao hatutawakumbuka kwa majina, walimfikiria mtu huyo. Wenye viwanda walimfikiria mteja. Miaka 70 baadaye, ndege zinazopaa kwa urahisi zaidi ni zile za wachoraji.

Kila mmoja wetu anayeacha ofisi, darasa au karakana anaacha mchoro wa aina fulani. Mtumishi anayestaafu mwaka huu ajiulize kama faili aliloacha linaonyesha maumbo yote, au linaonyesha tu vipande vinakaa wapi, kwa kuamini kwamba atakayekuja atakuwa na ubao mkononi.